Nani Alicheza Kwanza? Namna ya kuandaa karatasi ya historia ya baleti

Mwanafunzi wa sanaa hapa Dodoma anayeandaa mada ya baleti huharibu kazi mapema: anaandika jina la mchezaji kabla hajajua ni toleo lipi. Chukua kaunta buku, piga safu sita: tarehe, mji, jumba, mtunzi wa miondoko, mhusika, mchezaji. Safu ya sita usiiguse mpaka tano za kwanza zijae.

Anza na baleti ya Giselle, haina utata: 28 Juni 1841, Paris, jumba la Opera, watunzi Jean Coralli na Jules Perrot, na Giselle mwenyewe ni Carlotta Grisi.

Swan Lake ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu ina mianzo miwili. Wa kwanza ni Moscow, jumba la Bolshoi, 4 Machi 1877, mtunzi Julius Reisinger, na Odette alichezwa na Pelageya Karpakova. Miondoko ile haikudumu. Matoleo mengi ya leo yanatokana na lile la jumba la Mariinsky, St. Petersburg, 27 Januari 1895, la Marius Petipa na Lev Ivanov, ambamo Odette alichezwa na Pierina Legnani kutoka Italia. Ndiye aliyeweka humo mizunguko 32 mfululizo: anasimama kwa mguu mmoja, kisigino kinashuka na kupanda kila mzunguko, mguu wa pili unachapa hewa kama mjeledi. Ukimtaja Legnani bila mwaka 1895, umemfuta Karpakova, na hiyo ni dhuluma.

Ukikuta tarehe mbili za onyesho moja la Urusi, usikimbilie kukata moja. Kalenda yao ya zamani ilikuwa nyuma kwa siku 12 katika karne ya 19, kwa hiyo 20 Februari 1877 na 4 Machi 1877 ni siku ileile. Chagua kalenda moja, uiandike juu ya ukurasa.

Tofautisha pia aliyetungiwa na aliyefungua pazia. Romeo na Juliet ya Kenneth MacMillan ilitungwa kwa miili ya Lynn Seymour na Christopher Gable, lakini usiku wa kwanza, London, 9 Februari 1965, walicheza Margot Fonteyn na Rudolf Nureyev. Wape mistari miwili. Anayejifunza muheme kwa kumtazama mama wa Kigogo aliyebana ngoma mapajani ataelewa upesi: miondoko hubeba umbo la mwili iliotokea.

Mwisho, mstari mmoja ni wa mhusika mmoja, si wa mtu mmoja. Katika The Sleeping Beauty ya 1890, Enrico Cecchetti alicheza mchawi Carabosse na pia Ndege wa Buluu, kwa hiyo jina lake litaonekana mara mbili. Liache hivyo.