Boa mchanga akitapika, usikimbilie kumlisha tena

Boa (nyoka mkubwa asiye na sumu) wako wa kwanza awe aliyezaliwa kwenye ufugaji, si wa kukamatwa porini, na umwone akila kabla hujalipa. Muuzaji akikwepa hilo, achana naye. Nyumbani, kosa kubwa ni kumshibisha kupita kiasi. Panya asizidi unene wa nyoka pale aliponenepa zaidi, mmoja kila siku 10 hadi 14, kisha usimshike kwa saa 48. Upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi, upande wa pili 25 hadi 27. Pakipoa, chakula huoza tumboni akakitapika. Hapo msubiri wiki 2 kamili, hata akionekana ana njaa, ndipo umpe panya wa nusu ya ukubwa ule. Maji tu yasikosekane.