Kompyuta Isiposhika Mtandao: Anza na Kilicho Karibu

Kabla hujachomoa waya wowote, chukua simu iliyounganishwa na waifai ileile, zima data ya laini yake, kisha fungua tovuti yoyote. Simu ikifungua, tatizo limo ndani ya kompyuta. Isipofungua, liko kwenye ruta au kwa mtoa huduma, na kuihangaikia kompyuta ni kupoteza muda. Kwa ruta inayotumia laini ya simu, mimi huangalia kwanza salio la bando, kwa kuwa taa zake huendelea kuwaka hata bando likiwa limekwisha.

Ikiwa kompyuta ndiyo yenye kosa, hakikisha hali ya ndege imezimwa. Kwenye Windows, andika cmd katika sehemu ya kutafutia, fungua dirisha jeusi linalotokea, andika ipconfig na ubonyeze Enter. Anwani ya kompyuta (mstari wa IPv4) ikianza na 169.254, maana yake kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa kupewa na ruta. Zima ruta, subiri nusu dakika, iwashe, kisha uisahaulishe kompyuta mtandao huo na kuingiza nywila upya. Wanaotumia waya wachunguze kichwa chake, hasa walio karibu na bahari kama Shangani au Mikindani, kwa maana hewa ya chumvi hula vijino vya shaba hadi vikaota ukijani.

Anwani ikiwa sawa, andika katika dirisha lilelile ping 8.8.8.8, amri ya kupima kama seva ya Google inafikika. Majibu yakirudi ilhali tovuti hazifunguki kwa majina, badilisha seva ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, katika mipangilio, uweke hiyohiyo 8.8.8.8 au 1.1.1.1.

Kosa linalosahaulika zaidi ni saa. Niliwahi kuitwa kwenye steshenari moja ya Mtwara mjini ambako kila tovuti ilileta onyo la usalama tangu umeme ulipokatika usiku. Pembeni chini ya kioo tarehe ilisomeka 2009. Betri ndogo ya ubao mama, ile ya duara iitwayo CR2032 inayotunza saa umeme ukikatika, ilikuwa imekufa, na vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa tarehe isipolingana. Tulirekebisha saa, tovuti zikafunguka, na betri ikabadilishwa kesho yake.

Mitandao ya kampuni mbalimbali ikizorota kwa pamoja, acha kugusa chochote: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zinazoleta intaneti zilipokatika, hakuna ruta ya Lindi ambayo ingepona kwa kuzimwa na kuwashwa.