Kusajili jina la biashara ukiwa Dodoma

Anayefungua duka la pembejeo Kibaigwa, au anayeanza kukamua alizeti kwa mashine yake Kizota, hana haja ya kusafiri hadi Dar es Salaam ili jina la biashara yake litambulike kisheria. Maombi hupokelewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, kupitia mfumo wake wa mtandaoni ujulikanao kama ORS, na sheria inayosimamia jambo hili ni Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213. Kwa maoni yangu, kazi kubwa iko kabla ya kuufungua mfumo huo, kwa kuwa taarifa iliyojazwa kwa haraka ndiyo humrudisha mwombaji nyuma.

Ni vyema kwanza kuelewa ni nini kinachosajiliwa. Anayefanya biashara kwa jina lake halisi, bila nyongeza yoyote, halazimiki kulisajili. Wajibu huanza pale anapotumia jina jingine mbele ya wateja. Cheti cha jina la biashara hakiundi kampuni, kwa hiyo mwenye biashara na biashara yake hubaki kitu kimoja mbele ya sheria, na deni la duka likishindikana kulipwa linaweza kufuata hata nyumba yake. Asiyetaka hali hiyo afikirie kusajili kampuni chini ya Sheria ya Makampuni, Sura ya 212. Vilevile, anayetaka kulinda nembo iliyo kwenye chupa au mfuko wa bidhaa yake anahitaji usajili mwingine, wa alama ya biashara, ambao kwa mara ya kwanza hudumu miaka 7 na kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Katika kuchagua jina, kumbuka kwamba Msajili wa BRELA anaweza kulikataa likifanana mno na lililokwishasajiliwa, likiashiria kuwa biashara ni ya serikali ilhali si yake, au likibeba maneno yanayoifanya ionekane ni kampuni yenye dhima ya ukomo, yaani “Limited”. Kishawishi cha hapa kwetu ni kutumia neno Dodoma, Zabibu au Makao Makuu, maneno ambayo humjia kila mtu kichwani, na kuongeza “Enterprises” au “Traders” mwishoni hakutoshi kulitofautisha jina lako na la jirani. Andaa majina matatu, ulitafute kila moja katika mfumo, na uepuke jina linaloifunga biashara: aliyejiita muuza mbao atapata tabu kueleza kibao chake siku atakapoanza kuuza saruji.

Mambo mengine ya kuwa nayo mkononi ni namba ya kitambulisho cha taifa, barua pepe, namba ya simu, na anwani kamili ya mahali pa biashara. Hapo kwenye anwani ndipo pa kutulia. Kusema “nyuma ya soko la Majengo” kunamtosha bodaboda, lakini fomu inataka mkoa, wilaya, kata, mtaa, na utambulisho wa jengo au kiwanja. Ofisi ya mtaa inaweza kukusaidia kuipata namba ya nyumba na jina la barabara kwa mujibu wa mfumo wa anwani za makazi, pamoja na postikodi, ambayo kwa mkoa wa Dodoma huanza na 41.

Ukishafungua akaunti na utambulisho wako ukathibitishwa, utachagua huduma ya jina la biashara, utajaza jina, aina ya shughuli, anwani na taarifa za wamiliki, kisha mfumo utakuandalia fomu ya majumuisho. Fomu hiyo huchapishwa, husainiwa na wamiliki wote, huskaniwa na kupandishwa tena kwenye mfumo. Malipo hufanyika kwa namba maalumu ya malipo, benki au kwa simu: ada ya usajili ni shilingi 15,000, na ada ya utunzaji wa taarifa ni shilingi 5,000 kwa mwaka. Maombi yakirudishwa kwa marekebisho, soma sababu iliyoandikwa na urekebishe hilo hilo, bila kuanza maombi mapya.

Wengi hujaziwa fomu na kijana wa steshenari, na si vibaya, ila barua pepe, simu na nywila ziwe zako mwenyewe. Akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe ya mtu mwingine hukugeuza mgeni katika biashara yako siku unapotaka kubadilisha taarifa, naye huenda keshahama mji.

Maombi yakikubaliwa, utapakua cheti pamoja na dondoo inayotaja wamiliki, na benki huviomba vyote viwili unapofungua akaunti kwa jina la biashara. Cheti kitundikwe dukani mahali kinapoonekana. Hata hivyo, hicho si kibali cha kuuza: bado unahitaji namba ya mlipakodi kutoka TRA, uthibitisho wa kodi, na leseni ya biashara, ambayo kwa biashara nyingi ndogo hutolewa na halmashauri, ikiwamo ya Jiji la Dodoma, kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri.

Ukihamisha duka kutoka Majengo kwenda Nzuguni, ukimwongeza mbia au akajitoa, taarifa hizo zinapaswa kubadilishwa katika daftari la Msajili. Na ukifunga biashara, peleka taarifa ya kusitisha, kwa sababu kushusha kibao peke yake hakuliondoi jina kwenye daftari.