Igeuze Kwanza: Namna ya Kuitazama Bunduki ya Kale na Koti la Mwindaji

Mtu akishika bunduki ya kale ya Kiingereza kwa mara ya kwanza, macho hukimbilia nakshi: maua, kware, mbwa wa kuwindia. Ziache kwanza. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga, makazi yangu Birmingham. Nyumba za mnada zinapofungua milango watu watazame mali, naenda kuangalia bunduki za marisau za mitutu miwili, na huanzia kule nianziako kwenye suti ya mteja: upande wa ndani.

Adabu kwanza. Omba ruhusa. Ifungue, uhakikishe vyumba vya risasi ni vitupu hata kama mhudumu ameshakwambia hivyo, na mdomo uelekee chini. Usifyatue bunduki tupu, utaharibu ncha zinazogonga risasi. Ukimaliza, pangusa chuma kwa kitambaa chenye mafuta. Jasho lina chumvi na kutu haichelewi.

Sasa omba itenganishwe. Itatoka vipande vitatu: mitutu, kishikio cha mbele, na kitako pamoja na mtambo wake wa kufyatulia. Geuza mitutu. Kule chini, sehemu bapa karibu na vyumba vya risasi, ndiko kwenye mihuri. Uingereza ina nyumba mbili za kujaribia bunduki, London na Birmingham. Ya hapa kwetu ilianzishwa mwaka 1813 na bado ipo Banbury Street. Mtutu hufyatuliwa kwa shindo kubwa kuliko la kawaida, ukistahimili unapigwa chapa. BP na BV chini ya taji ni za Birmingham. NP maana yake umejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Kama hakuna alama yoyote ya baruti hiyo, huenda ulijaribiwa kwa baruti nyeusi tu, na risasi za dukani leo si za kwake. Tafuta pia 2½. Hizo ni inchi, urefu wa chumba, yaani kiasi cha milimita 65. Risasi ya milimita 70 inaingia humo bila taabu, na hiyo ndiyo hatari yenyewe: ganda likifunguka linakosa nafasi, shinikizo linapanda. Kwa hiyo hata ukiwa na kibali cha polisi, usiipige kabla fundi wa bunduki hajaipima.

Ukiona mitutu ina mawimbi ya kahawia, hiyo ni ya Damaski. Vipande vya chuma na feleji vilisokotwa, vikazungushiwa fimbo, vikaungwa kwa moto na nyundo. Ining'inize kwa kidole, uigonge polepole kwa kifundo cha kidole kingine. Ikilia kwa muda, maungio ni mazima. Ikitoa mlio mfu, pana mahali ulehemu umeachia.

Kuhusu mtambo, matajiri hupenda ule wa ubavuni, wenye bamba refu linalomeza nakshi nyingi. Mimi nauheshimu zaidi ule wa kisanduku, waliousajili Anson na Deeley hapa Birmingham mwaka 1875: vipande vichache, imara, rahisi kutengeneza. Angalia tu usiuziwe kisanduku kilichovalishwa mabamba ya pembeni kwa urembo.

Nguo nazo zigeuze. Koti la Norfolk la sufu nzito lina marinda mgongoni na mkanda kiunoni. Livae, inua mikono kama unayelenga ndege. Mgongo ukibana, au marinda yameshonewa chini, hilo ni koti la kutembelea tu. Harris Tweed halisi, kitambaa cha sufu cha Uskoti, ina lebo ya tufe lenye msalaba juu, na hufumwa majumbani mwa watu wa visiwa vya Outer Hebrides.

Jaketi la safari la kaki ndilo linalodanganya wengi. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwaka 1909 alikuwa na bunduki nzito ya Holland & Holland ya mitutu miwili, na risasi za bunduki za namna hiyo ni nene. Pitisha kidole kwenye vishikio vya risasi kifuani. Kidole chembamba kikikwama, vilishonwa kwa ajili ya picha. Vile vilivyotumika huwa vimelegea, na vikiwa vya ngozi mara nyingi hubaki na kutu ya kijani iliyoachwa na shaba ya maganda. Kiraka hakinisumbui hata kidogo, ila kikiwa kimeshonwa kwa nailoni napunguza bei papo hapo.

Koti la pamba lililopakwa nta, kama yale ya Barbour, usilitie kwenye mashine wala maji ya moto. Nta itatoka yote. Sponji na maji baridi vinatosha. Likianza kupitisha mvua kwenye mabega, pasha nta ya kopo iyeyuke, paka kwa kitambaa, kazia mishono, kisha litundike mbali na nguo nyingine mpaka likauke.