Jinsi ya kuomba kibali cha kuwahudumia kiroho wafungwa: kwa Wabudha wa Mbeya

Sisi Wabudha huku Mbeya tunahesabika kwa vidole, na hekalu letu liko mbali, Upanga, Dar es Salaam. Padri, mchungaji na sheikh wanafahamika getini kwenye Gereza la Ruanda. Wewe itabidi ujieleze, na huko kujieleza ni kazi kubwa kuliko makaratasi yote.

Kabla hujaandika chochote, nenda gerezani asubuhi ya siku ya kazi, ueleze shida yako getini na uulize mambo mawili: barua ielekezwe kwa nani, na ipitie kwa nani. Magereza ni jeshi, na jeshini karatasi hupanda ngazi: Mkuu wa Gereza, Mkuu wa Magereza wa Mkoa, hadi kwa Kamishna Jenerali. Barua yangu ya kwanza niliirusha ngazi moja, ikarudi baada ya wiki saba. Wiki zote hizo kulikuwa na mzee mle ndani akisubiri mtu wa kukaa naye. Bado naumia nikimkumbuka.

Ambatisha nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha za pasipoti, barua ya utambulisho yenye mhuri wa mtendaji wa mtaa wako, na barua ya hekalu au jumuiya inayokutambua. Kama kikundi chenu kimesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, weka nakala ya cheti. Kama hakijasajiliwa, omba kwa jina lako, usijiite taasisi. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Sasa barua yenyewe. Kwenye "Yah:" andika wazi: "Ombi la kibali cha kutoa huduma ya kiroho ya Kibudha kwa wafungwa." Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dini, itaje mara moja tu, kwa adabu. Nafasi iliyobaki itumie kueleza mtakachofanya: mtakaa chini kimya, mtafuatilia pumzi ikiingia na kutoka puani kwa dakika 20, kisha mtazungumzia kanuni tano, yaani kutoua, kutochukua usichopewa, kujiepusha na uzinzi, kutosema uongo na kuacha vileo. Nilimwona afisa mmoja akikunjua uso alipofika kwenye hizo tano. Andika pia kwamba anayekuja atakuja kwa hiari yake, na kwamba humtaki mtu abadili dini. Ubani na mishumaa usiviombe kabisa. Ombi la kuingiza moto gerezani linaweza kuangusha mengine yote.

Ukiulizwa kama jambo hili limewahi kufanyika, unalo jibu. Mwaka 1994, katika gereza la Tihar jijini Delhi, wafungwa wapatao 1,000 walikaa kozi ya siku 10 ya vipassana, yaani tafakuri ya Kibudha ya kukaa kimya, chini ya mwalimu wake S. N. Goenka. Uingereza nako kuna huduma ya Wabudha magerezani tangu 1985, iitwayo Angulimala, jina la jambazi aliyeua watu wengi kisha akawa mtawa mbele ya Buddha. Kisa chake wasimulie wafungwa siku ya kwanza kabisa.

Taja siku na saa utakayoweza kuishika mwaka mzima. Mara moja kwa mwezi bila kukosa ni bora kuliko kila wiki kisha ukapotea, maana mle ndani watu wanahesabu siku.

Kibali kikitoka, siku ya kwenda acha simu nyumbani, kubali upekuzi, saini rejista. Usibebe barua wala pesa ya mtu, hata akikulilia. Kosa lake usimuulize.

Na uvae sweta. Mimi niliingia mara ya kwanza mwezi Julai, sakafu ya saruji ikiwa ya baridi kama barafu, nikakuta wamekunja mablanketi yao mara nne na kuyapanga mstari. Moja walikuwa wameliweka mbele, kwa ajili yangu.