Zima tiki za buluu, upumzike

Kama wewe ni wale wa kuweka stetasi WhatsApp kisha kila baada ya dakika tano unachungulia nani kaona na nani kapita kimya, jaribu hili. Ingia kwenye mipangilio, fungua faragha, zima tiki za buluu. Wengi wanajua kwamba ukizizima huonekani umesoma meseji. Wasichokijua ni kwamba hata ile orodha ya waliotazama stetasi yako huioni tena. Unaweka picha, inakaa saa 24, inaondoka. Basi.

Mimi nilizizima kwa sababu ya gauni la kitenge. Nililipenda tangu kwa fundi: mabega yamekaa, mshono hauvuti popote. Nikapiga picha, nikaweka. Watu 61 wakatazama, wengine wakasifia, shoga yangu mmoja akatazama asiseme neno. Huyo mmoja tu! Kufika jioni nimeshalichukia gauni, naona kabisa mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Nikapima kwa futi, mikono iko sawa.

Siku za mwanzo kidole kitawasha, sikufichi. Unafungua, hakuna cha kuona, unafunga. Ubaya wake, na wewe huoni tiki za wenzako, na kwenye magrupu zinabaki kama kawaida. Ila gauni nimeshalivalia harusi mbili, na mpaka leo sijui shoga yangu alilionaje. Kwenye harusi ya pili mama mmoja nisiyemjua aliniuliza fundi yuko wapi, nikamwelekeza.