Foliki kabla ya mimba: namna ya kumshauri mwanamke mapema

Mwongozo huu ni wa wauguzi, wakunga, wauzaji wa maduka ya dawa muhimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwanamke anayejiandaa kubeba mimba naye anaweza kuusoma na kuutumia mwenyewe.

Foliki ni vitamini B9, na kazi yake hapa ni kusaidia ubongo na uti wa mgongo wa mtoto ujiumbe vizuri. Nataka tukubaliane kwanza kuhusu hesabu ya siku. Mrija unaogeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Usipofunga vizuri upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofunga upande wa juu, hukosa sehemu ya fuvu na ubongo, na mtoto huyo haishi. Sasa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 akikosa hedhi, mimba tayari ina wiki 2 tangu kutungwa. Akisubiri siku kadhaa ajiridhishe, akanunue kipimo, amwambie mume, muda unakuwa umekwisha au umebaki kidogo sana. Na wengi tunawapokea kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu, minne, hata mitano. Kidonge tunachompa siku hiyo kinamsaidia damu yake, lakini mgongo wa mtoto ulishajiumba zamani. Ndiyo maana naona somo hili halipaswi kungoja kliniki ya wajawazito.

Hatua ya 1: Mfuate alipo

Mwanamke asiye na mimba haji kituoni kuuliza habari za foliki. Anakuja kwa mambo mengine, na hapo ndipo pa kumpata: anapotoa kipandikizi au kitanzi, anaposema sindano ya uzazi wa mpango basi, anapoleta mtoto kwenye mizani, anapofuata dawa zake CTC (kliniki ya wenye VVU) au kliniki ya kisukari, anapopona baada ya mimba kuharibika. Huyu wa mwisho zungumza naye taratibu, na kama siku hiyo bado analia, mpe nafasi kwanza umpangie siku ya kurudi.

Muuza duka la dawa ana nafasi ambayo sisi wa kituoni hatuna. Msichana anayenunua kipimo cha mimba kikaonyesha hana, na anayetamani kuwa nayo, yuko mbele yako wakati ule ule anaohitaji kusikia.

Hatua ya 2: Uliza swali moja, kisha nyamaza

"Dada, unafikiria kupata mtoto ndani ya mwaka huu?" Kwa mwenye watoto: "Mama Neema, huyu wa mgongoni anataka mdogo wake lini?" Muulize akiwa peke yake. Usimuulize mbele ya mama mkwe, kwa sababu jibu litakuwa la mama mkwe.

Akisema ndiyo, endelea. Akisema hapana, mpe njia ya uzazi wa mpango. Akisema "Mungu akijalia," hesabu kuwa ni ndiyo. Huyo hajazuia mimba, na mimba nyingi huingia bila ratiba.

Hatua ya 3: Mchuje kabla ya kutaja dozi

Hapa usiharakishe. Uliza haya, moja moja:

- Amewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, au mimba iliyoharibika kwa tatizo hilo? Je, yeye mwenyewe, mumewe au ndugu wa karibu ana historia hiyo?
- Anatumia dawa za kifafa, hasa valproeti au kabamazepini?
- Ana kisukari? Ana selimundu?
- Anatumia methotreksati au kotrimoksazoli (dawa zinazopinga kazi ya foliki)?

Akijibu ndiyo kwa lolote, mpeleke kwa daktari kabla hajaacha kinga ya mimba. Na umwambie kwa sauti inayosikika: asiache dawa zake. Mwenye kifafa akiacha ghafla anaweza kudondoka kwa degedege kali. Daktari ndiye atakayembadilishia valproeti, na ni vizuri ifanyike mapema kwa sababu dawa hiyo peke yake huongeza hatari ya mgongo wazi.

Wanaotumia dolutegraviri, dawa ya VVU, bado huuliza kwa hofu. Mwaka 2018 taarifa za awali kutoka Botswana zilitia wasiwasi kwamba huongeza hatari ya mgongo wazi, lakini takwimu zilizofuata ziliuondoa, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watu wote wenye VVU, pamoja na wanawake wanaotaka kuzaa. Aendelee nayo, na ameze foliki kama wenzake.

Hatua ya 4: Taja dozi kwa namba

Asiye na hatari yoyote: mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4, kila siku. Aanze angalau mwezi mmodi kabla ya kushika mimba (miezi mitatu ni bora zaidi) na aendelee mpaka wiki ya 12 ya ujauzito.

Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi: miligramu 4 hadi 5 kila siku, kwa maelekezo ya daktari. Mama huyu ndiye wa kumkazania kuliko wote, kwani hatari ya tatizo kujirudia kwake ni kama mimba 2 hadi 3 katika kila 100. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa miligramu 4 kwa siku zilipunguza kujirudia huko kwa asilimia 72. Wenye kifafa na kisukari pia mara nyingi daktari huwaweka kwenye dozi hii.

Someni lebo, jamani. Madukani kwetu kidonge cha foliki kinachopatikana kwa urahisi ni cha miligramu 5, kile wanachopewa wagonjwa wa selimundu. Kile cha mchanganyiko wa madini ya chuma na foliki kina kiasi kidogo cha foliki, na kiasi hicho hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Usimwambie mama ameze vitatu vya mchanganyiko ili foliki itoshe, kwa maana atakuwa amejizidishia chuma. Kama duka lina cha miligramu 5 tu, asirudi nyumbani mikono mitupu bila maelezo. Muulize daktari wa kituo aamue.

Hatua ya 5: Zungumzia chakula, lakini usikipe kazi ya kidonge

Mchicha, kunde, maharage, choroko, parachichi na machungwa vina foliki. Tatizo ni kuchemsha mboga muda mrefu na kumwaga maji yake, foliki inakwenda na maji. Mboga za majani zipikwe kwa muda mfupi, maji kidogo, na mchuzi unywewe. Kisamvu usikiingize kwenye ushauri huu, kile lazima kichemke sana ili kiwe salama.

Unga wa viwandani ulioongezwa virutubishi unasaidia. Lakini familia inayopeleka mahindi yake kwenye mashine ya mtaani, kwa kawaida inakula unga usioongezwa kitu. Ndiyo maana hata anayekula vizuri bado anahitaji kidonge.

Hatua ya 6: Ondoa hofu za nyumbani

Mume akikuta vidonge chini ya godoro, wazo la kwanza ni kwamba mke anazuia mimba kwa siri. Nimeona ugomvi ukianzia hapo. Mshauri mama akae na mumewe, au waje wote wawili umweleze baba mwenyewe kwamba hii ni vitamini B9 inayomwandalia mtoto. Haizuii mimba, na vilevile si dawa ya kutafutia mimba.

Sema ukweli pia kuhusu mipaka yake. Foliki huzuia sehemu kubwa ya matatizo haya, si yote. Kichwa kikubwa kinachotokana na maambukizi baada ya kuzaliwa hakizuiwi na kidonge hiki. Na mama ambaye tayari ana mtoto mwenye mgongo wazi asitoke kwako akiamini kwamba alimwumiza mtoto wake, au kwamba ni laana. Mwambie hivyo waziwazi, hata kama hajauliza, maana mtaani ameshaambiwa mengine.

Hatua ya 7: Panga naye saa ya kumeza na siku ya kuja kliniki

Mwache achague saa ya kumeza: baada ya kupiga mswaki, au baada ya chakula cha usiku. Akisahau leo, kesho ameze kimoja kama kawaida, si viwili. Andika kwenye kadi yake tarehe aliyoanza na dozi.

Akikosa hedhi, aendelee kumeza na aje kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12, akiwa na kadi na pakiti ya vidonge. Hii ni muhimu hasa kwa aliye kwenye miligramu 5. Kuanzia wiki ya 13 atapewa SP ya kukinga malaria, na foliki ya miligramu 5 hudhoofisha SP. Mkunga anayempokea lazima ajue, ili amrudishe kwenye miligramu 0.4 kabla ya dozi ya kwanza ya SP.